Timu imeanza msimu kwa moto, utajuaje kama ni ya kweli? Mwongozo kamili wa kusoma takwimu za besiboli wiki za kwanza

Mwaka wa 2023 Tampa Bay Rays walianza msimu wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwa kushinda mechi 13 mfululizo bila kupoteza hata moja, na kwa grupu yetu ya WhatsApp hapa Nairobi asubuhi ilikuwa haipiti kabla mtu hajaandika "hawa washabeba kombe". Mwezi wa nne bana! Walimaliza msimu wameshinda 99 na kupoteza 63, rekodi nzuri sana sikatai, lakini kwa mtoano wakatolewa raundi ya kwanza kabisa na Texas Rangers, mechi mbili kwa sufuri, na hao Rangers ndio wakaenda kuchukua kombe lenyewe.

Sasa kuna hesabu ya mstari mmoja ambayo asubuhi ile ya 13-0 ingekuambia kwamba kwa mechi 149 zilizobaki Rays watashinda kama 86. Walishinda ngapi? 86. Nitakuonyesha hiyo hesabu huko chini, hatua ya sita, lakini usiruke uende huko moja kwa moja ju hesabu hiyo hiyo msimu huo huo ilidanganya vibaya sana kwa timu nyingine, na ukielewa kwa nini ilidanganya ndio utakuwa umejua kusoma timu.

Kabla hujaanza

Kama ulicheza raunda shule ya msingi basi besiboli unaijua nusu tayari. Kuna mrushaji, kuna mpigaji, kuna besi nne za kuzunguka, na ukizunguka zote ukarudi nyumbani timu yako inapata mkimbio mmoja. Mpigaji akikosa mara tatu ni straikauti, ameenda kukaa. Mrushaji akirusha mipira minne mibaya, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, mimi naita besi ya bure. Akipiga mpira ukaruka ukuta ni homurani. Auti tatu timu zinabadilishana, na mechi ina ininge tisa. Hayo yanatosha kwa hii kazi.

Mechi nyingi huko kwao zinaanza saa moja jioni, kwetu hiyo ni saa nane usiku, na zile za California zinaanza kwetu saa kumi na moja alfajiri, kwa hivo wengi wetu hatuangalii mechi, tunasoma matokeo tukiwa kwa matatu asubuhi. Si mbaya. Kusoma namba kunataka bando kidogo sana kuliko video, na vyanzo vitatu ninavyotumia vyote ni vya bure: Baseball Reference kwa rekodi na mikimbio, FanGraphs kwa asilimia za straikauti na besi za bure, na Baseball Savant kwa vile mpira ulivyopigwa kwa nguvu. Chukua daftari ama fungua Excel, andika timu moja tu kwanza, usijaribu zote 30 siku ya kwanza utachoka uache.

Hatua ya 1: Jua mechi 20 ni kitu kidogo kiasi gani

Hapa ndio watu wetu wa mpira wa miguu wanapotea zaidi. Msimu wa besiboli ni mechi 162. Ligi yetu hapa ni mechi 34. Ukipiga hesabu, mechi 20 za besiboli ni sawa na mechi nne hivi za Gor Mahia, na hakuna mtu mwenye akili timamu anaeza kukuambia bingwa ni nani baada ya mechi nne. Na bado besiboli ni mbaya zaidi, ju kwa soka timu kubwa ikikutana na ndogo inashinda mara nyingi, lakini kwa besiboli hata timu bora kabisa inapoteza sana. Seattle Mariners wa 2001 walishinda mechi 116, hakuna timu imewahi kushinda nyingi kuliko hizo kwa msimu mmoja, na bado walipoteza 46. Chicago White Sox wa 2024 nao walipoteza 121, aibu ya karne, lakini walishinda 41. Yaani mbovu kabisa anashinda robo ya mechi zake na mbabe kabisa anapoteza zaidi ya robo.

Fanya hili jaribio kwa mkono wako, usiniamini tu. Chukua shilingi kumi, irushe mara 20, hesabu ni mara ngapi imeanguka upande wa nembo. Andika. Rudia mara kumi. Utapata 10, utapata 12, utapata 8, na pengine hata 14 ama 6 itatokea. Hiyo sarafu haina fomu, haina kocha mpya, haina nyota aliyerudi kutoka majeruhi, ni sarafu tu. Ukichukua timu 30 zote ziwe na nguvu sawa kabisa, bado baada ya mechi 20 moja ama mbili zitakuwa zimeshinda 14 kwa bahati tupu, na magazeti yataandika hadithi ndefu kuhusu roho ya ushindi kwa chumba cha kubadilishia nguo.

Kwa hivo andika kwa daftari: ushindi kati ya 6 na 14 kwa mechi 20 hausemi kitu peke yake. Hausemi mbaya, hausemi nzuri. Inabidi tuangalie ushindi wenyewe ulipatikanaje.

Hatua ya 2: Achana na ushindi, hesabu mikimbio

Fikiria umenunua matatu, mwenye gari anakaa nyumbani na kondakta anampigia jioni anamwambia "leo tumefanya squad nane". Sawa, lakini mafuta yamekula ngapi? Tairi je? Mwenye gari mjanja anauliza kilichoingia na kilichotoka. Kwa besiboli kilichoingia ni mikimbio timu iliyofunga na kilichotoka ni mikimbio iliyofungwa.

Aliyetupa hii njia ni Bill James, na mimi hadithi yake naipenda sana, ju miaka ya sabini alikuwa mlinzi wa usiku kwa kiwanda cha maharagwe ya mkebe huko Kansas na hesabu zake nyingi alizifanya akiwa lindo. Kama wewe ni soja unasoma hii saa nane usiku na mechi inaendelea kwa simu, basi jua uko njia moja na yeye. Fomula yake inaenda hivi: chukua mikimbio mliyofunga uizidishe kwa yenyewe, halafu mliyofungwa uizidishe kwa yenyewe, jumlisha hizo mbili, kisha gawanya ile ya kwanza kwa jumla. Unachopata ni asilimia ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

Tutumie timu mbili za mfano, nimezitunga mwenyewe ili hesabu ieleweke. Timu A imecheza mechi 24, imeshinda 15 na kupoteza 9, imefunga mikimbio 104 na kufungwa 106. Timu B imeshinda 10 na kupoteza 14, imefunga 115 na kufungwa 98.

A: 104 mara 104 ni 10,816. 106 mara 106 ni 11,236. Jumla 22,052. Gawanya, unapata 0.490, zidisha kwa mechi 24, ni kama ushindi 12. Wameshinda 15.
B: 13,225 gawanya kwa 22,829, ni 0.579, mara 24 ni kama ushindi 14. Wameshinda 10.

Umeona? Kwa jedwali A yuko juu anapigiwa makofi na B mashabiki wake wanataka kocha afutwe, na ukweli wa mikimbio umegeuka kabisa. Tofauti kati ya jedwali na mikimbio mara nyingi inakaa kwa mechi za mkimbio mmoja, zile za 4-3 na 2-1, ambazo mpira mmoja ukigonga ukingo wa besi hadithi inabadilika. Kwa hivo hesabu pia rekodi ya timu kwa mechi za mkimbio mmoja na uiandike kando. Ukikuta 7-1, weka alama nyekundu. Na zile zilizoenda ininge za ziada pia, ju tangu 2020 msimu wa kawaida wanaanza ininge ya kumi na mtu tayari amesimama besi ya pili, ni kama kurusha sarafu tu.

Mfano wa kweli wa hii kitu ni Baltimore Orioles wa 2012. Msimu mzima, mechi zote 162, walifunga 712 na kufungwa 705, tofauti saba tu, fomula inawapa ushindi 82. Walishinda 93! Siri ilikuwa mechi za mkimbio mmoja, walishinda 29 na kupoteza 9. Watu wakasema hawa wana moyo wa simba, wanajua kumaliza mechi. Mwaka uliofuata, kocha yule yule, wachezaji wengi wale wale, mechi za mkimbio mmoja walishinda 20 na kupoteza 31. Moyo wa simba haukuhama mji, bahati ndio ilirudi mahali pake. Na kama bahati inaeza kukaa msimu mzima hivo, wiki tatu je.

Kitu kimoja uwe makini nacho hapa: mechi moja ya kichapo kikubwa inaharibu hii hesabu mapema. Timu ikimchapa mtu 18-1 wiki ya pili, tofauti yake yote inaeza kuwa imetoka siku hiyo moja ambayo mpinzani alishachoka akaweka mtu wa kurusha asiye mrushaji. Mimi nafanya hesabu mara mbili, moja na kila kitu, nyingine tofauti ya mechi yoyote ikizidi kumi naihesabu kama kumi. Zikikubaliana naendelea, zikikataana nangoja.

Hatua ya 3: Hizo hiti zimetoka wapi?

Mikimbio yenyewe pia inadanganya, na hapa ndio raha ya hii kazi inaanzia. Mpigaji akipiga mpira ukabaki uwanjani, kuna walinzi wanakimbia kuudaka. Wakati mwingine amepiga kombora kabisa linaenda moja kwa moja kwa mikono ya mlinzi, auti. Wakati mwingine amegusa mpira vibaya unajikokota mahali hakuna mtu, anafika besi salama, hiyo ni hiti. Ukijumlisha mipira yote ya ligi nzima, mpira uliobaki uwanjani unakuwa hiti karibu mara 29 ama 30 kwa kila 100. Hiyo namba utaikuta imeandikwa BABIP.

Kuipata mwenyewe: chukua hiti toa homurani, hiyo ni ya juu. Ya chini ni mara za kupiga, toa straikauti, toa homurani, ongeza zile za kujitoa mhanga ambapo mpira wa juu umedakwa lakini mwenzako akafunga. Gawanya.

Turudi kwa timu A yetu. Tuseme imepiga mara 800, hiti 220, homurani 20, straikauti 190, za kujitoa mhanga 6. Juu ni 200, chini ni 596, unapata 0.336. Hiyo iko juu sana kwa timu nzima. Kwa kiwango cha kawaida cha 0.295 wangekuwa na hiti 176 za uwanjani, yaani wamepata 24 za ziada. Kila hiti ikichukua nafasi ya auti ni kama robo tatu ya mkimbio, kwa hivo hizo 24 ni mikimbio 18 hivi. Toa 18 kwa 104 yao, inabaki 86. Rudi kwa fomula ya hatua ya pili na 86 dhidi ya 106: inakupa ushindi tisa na nusu. Timu iliyo 15-9 kwa jedwali imecheza kama timu ya 9-15 ama 10-14.

Lakini pole pole. Si kila BABIP ya juu ni bahati. Timu ya vijana wenye mbio na wanaopiga mpira kwa nguvu itakaa juu kidogo ya ligi siku zote. Hapo ndio unafungua Baseball Savant uangalie asilimia ya mipira waliyopiga kwa kasi ya maili 95 kwa saa na zaidi. Kamera za Statcast zimewekwa viwanja vyote tangu 2015, zinapima kila mpira. Kama timu iko juu kwa BABIP na pia iko juu kwa kupiga kwa nguvu, mpe haki yake, usimtoe zote 18, mtoe nusu. Kama BABIP iko juu na nguvu iko chini, hapo toa bila huruma.

Hatua ya 4: Warushaji, na namba mbili zinazokomaa haraka

Watu wengi wanaangalia ERA ya warushaji, yaani mikimbio halali wanayofungwa kwa kila ininge tisa. Mwezi wa nne hiyo ERA iache kwanza. Mwaka wa 2001 jamaa anaitwa Voros McCracken aliandika kitu kilichoudhi watu wengi wa besiboli, kwamba mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani, mrushaji ana usemi mdogo sana kama utakuwa hiti ama auti. Anachoshika mkononi mwake kabisa ni vitu vitatu: straikauti, besi za bure, na homurani. Watu walibishana miaka, wakarekebisha hapa na pale, lakini msingi umesimama.

Na uzuri wa straikauti na besi za bure ni kwamba zinakomaa haraka. Mtafiti Russell Carleton alikaa akapima kila takwimu inahitaji nafasi ngapi, yaani mara ngapi mpigaji asimame kupiga, ndio ianze kusema zaidi kuhusu mchezaji kuliko kuhusu bahati. Straikauti za mpigaji ni kama nafasi 60, hiyo ni wiki mbili tatu tu. Za mrushaji ni kama wapigaji 70 aliokutana nao. Besi za bure ni kama 120 kwa mpigaji na 170 kwa mrushaji. Homurani za mpigaji 170. Halafu BABIP ya mpigaji? Mipira 820 iliyobaki uwanjani, hiyo ni karibu misimu miwili mizima! Kwa mrushaji ni 2,000. Ndio maana mtu akikuambia fulani anapiga avareji ya 0.400, yaani hiti 40 kwa kila mara 100 za kupiga, mwezi wa nne wewe muulize straikauti zake zimepungua ama bado ni zile zile, ukiambiwa ni zile zile jua hiyo 0.400 inashuka.

Kwa timu nzima fanya hivi. Tafuta wapigaji wote ambao warushaji wa timu wamekutana nao, tafuta straikauti, tafuta besi za bure, geuza ziwe asilimia, halafu toa ya pili kwa ya kwanza. Ligi kwa miaka hii ya karibuni straikauti ni kama asilimia 22 ama 23 na besi za bure ni kama 8, kwa hivo tofauti ya kawaida ni 14 hivi. Warushaji wa timu A wamekutana na wapigaji 920, straikauti 200, besi za bure 82. Ni asilimia 21.7 toa 8.9, unapata 12.8. Chini ya ligi kidogo. Si maafa, lakini hakuna hapa kitu cha kueleza 15-9.

Fanya pia kwa upande wa wapigaji wa timu, lakini kwao unataka straikauti chache na besi za bure nyingi. Kwa kweli kama ningekuwa na dakika mbili tu za kuangalia timu wiki ya tatu, ningeangalia hizi asilimia za pande zote mbili na kuacha mengine yote.

Kuna fomula inaitwa FIP inayoweka vitu vitatu pamoja: homurani mara 13, jumlisha besi za bure na waliogongwa na mpira mara 3, toa straikauti mara 2, gawanya yote kwa ininge, halafu ongeza namba ya mwaka ambayo huwa inazunguka 3.1. Inatoka kwa sura ya ERA kwa hivo unaeza kulinganisha. FIP ikiwa juu ya ERA kwa zaidi ya nusu mkimbio, mrushaji amebebwa, kinyume chake ameonewa. Usiifanye kwa mkono, FanGraphs wameshakufanyia.

Hatua ya 5: Wamecheza na nani, wapi, na baridi ilikuwa kiasi gani

Rudi kwa Rays wa 2023. Zile mechi 13: tatu na Detroit Tigers, tatu na Washington Nationals, tatu na Oakland Athletics, nne na Boston Red Sox. Mwisho wa msimu Tigers walikuwa 78-84, Nationals 71-91, Athletics 50-112, Red Sox 78-84. Wote wanne chini ya nusu! Ni kama timu yako ya mtaani kuanza ligi kwa kucheza na timu nne za mwisho kwa jedwali halafu unajiita bingwa. Na bado nataka kuwatendea haki Rays, ju kwa hizo mechi walifunga 101 na kufungwa 30, na hata kama ni wanyonge, kuwachapa hivo si bahati ya sarafu. Mikimbio ilisema timu ni nzuri kweli, ratiba ikasema si nzuri vile inavyoonekana. Zote mbili zilikuwa sahihi.

Mwezi wa nne huwezi kujua wapinzani watamaliza wapi, kwa hivo tumia rekodi zao za mwaka uliopita pamoja na makadirio ya kabla ya msimu ambayo FanGraphs wanayaweka wazi. Hesabu pia mechi za nyumbani, ju mwenyeji kwa kawaida anashinda asilimia 53 ama 54. Timu iliyocheza 15 kati ya 20 nyumbani mpunguzie kidogo.

Uwanja sasa. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali na ule mpira wa kupinda haupindi vizuri, kwa hivo uwanja wao wa Coors Field unajulikana kwa mikimbio mingi, mpaka tangu 2002 wanaweka mipira kwa chumba cha unyevu ili isiruke sana. Sisi hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800. Yaani tukijenga uwanja mkubwa hapa, kwa upande wa hewa tutakuwa juu kuliko Denver, na kila nikipita uwanja wa wazi nafikiria homurani itaanguka wapi. Sasa timu ikiwa imecheza mechi sita Denver kati ya 20, mikimbio yake ya kufunga na kufungwa yote imevimba, usiiogope wala usiishangilie.

Kinyume chake ni baridi. Mwezi wa nne Chicago, Detroit, Minneapolis, hewa ni nzito na mpira hauendi mbali, wapigaji wanaonekana wabovu kuliko walivyo. Linganisha timu na wastani wa ligi wa mwezi huo huo, usilinganishe na mwezi wa saba.

Hatua ya 6: Changanya na ulichojua kabla

Hii ndio ile hesabu. Wachambuzi kama Tom Tango wamekuwa wakitumia kanuni kwamba kwa besiboli rekodi ya timu inafikia uzito sawa na bahati baada ya mechi kama 70. Kwa hivo chukua rekodi ya sasa, iongezee ushindi 35 na kupoteza 35, halafu soma asilimia.

Rays: 13 jumlisha 35 ni 48. Mechi ni 13 jumlisha 70, ni 83. 48 gawanya kwa 83 ni 0.578. Zidisha na mechi 149 zilizobaki, unapata 86. Ndio hiyo.

Sasa ile iliyodanganya. Pittsburgh Pirates msimu huo huo walianza 20-8. Fomula: 55 gawanya kwa 98 ni 0.561, mara mechi 134 zilizobaki ni 75, jumla ushindi 95. Walimaliza 76-86. Kwa zile 134 walishinda 56 tu. Kosa liko wapi? Liko kwa ile 35-35. Unapoongeza 35-35 unasema kabla ya msimu hii timu ilikuwa ya katikati. Pirates walikuwa wametoka kupoteza mechi 101 mwaka wa 2021 na 100 mwaka wa 2022! Hawakuwa wa katikati. Ukiwawekea 29-41 badala ya 35-35, wanashuka mpaka ushindi 87 hivi, bado imezidi, lakini kosa limepungua kwa mechi nane kwa sababu tu uliheshimu ulichojua.

Kwa hivo kanuni ninayotumia mimi: zile mechi 70 zisiwe nusu kwa nusu, zigawe kulingana na makadirio ya kabla ya msimu. Timu iliyotarajiwa kushinda 90 kati ya 162 mpe 39-31. Iliyotarajiwa 70 mpe 30-40. Na badala ya ushindi halisi, weka ule wa fomula ya hatua ya pili ukiwa umerekebisha hiti za bahati. Timu A yetu, tuseme ilitarajiwa ushindi 78, tunampa 34-36. Jumlisha 9.5 kwa mechi 24, inakuwa 43.5 gawanya kwa 94, ni 0.463. Mechi 138 zilizobaki atashinda kama 64, na zile 15 zake hatumnyang'anyi, ameshazipata, jumla 79. Yaani baada ya kelele zote tumesogea kutoka 78 mpaka 79, na mwezi wa nne jibu zuri mara nyingi linakaa hivo hivo, karibu na pale ulipoanza.

Kwa wale wa kubeti, hapa nawaomba kwa dhati: usiweke pesa ya rent kwa timu ju imeshinda sita mfululizo. Kampuni inayokupa odds imeshafanya hizi hesabu zote usiku ukiwa umelala.

Hatua ya 7: Ni mambo gani yanabadilisha hesabu, na lini urudie

Majeruhi ya warushaji ndio kitu cha kwanza. Rays walimpoteza Jeffrey Springs kwa mechi ile ile ya 13, kiwiko, na baadaye msimu huo Drew Rasmussen na Shane McClanahan wakafuata. Mrushaji wa kuanza anarusha mara moja kila siku tano, ukipoteza watatu umepoteza timu nyingine kabisa. Hivo kila ukirudia hesabu, kwanza uliza wale walioleta hizi namba bado wanacheza?

Warushaji wa akiba, wale wa ininge za mwisho, ndio sehemu inayobadilika haraka zaidi na pia ndio rahisi kununua katikati ya msimu. Washington Nationals wa 2019 walikuwa 19-31 baada ya mechi 50, warushaji wao wa akiba walikuwa wanachoma mechi usiku kwa usiku, lakini wa kuanza walikuwa Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin, watu wa straikauti nyingi. Walimaliza 93-69 na wakabeba kombe. Ukiona timu inapoteza na warushaji wake wa kuanza wana tofauti nzuri ya straikauti na besi za bure, usiizike.

Ratiba yangu ya kurudia ni mechi ya 20, ya 40, ya 55, na ya 70. Ya 20 naangalia straikauti na besi za bure tu. Ya 40 naongeza mikimbio na BABIP, hii inaanguka katikati ya mwezi wa tano, mvua ya masika bado ipo na stima inapotea ovyo kwa hivo nafanya kwa daftari na kalikuleta ya simu. Ya 55 naangalia mechi za karibu na ratiba waliyobakisha. Ikifika ya 70, katikati ya mwezi wa sita hivi, rekodi ya timu na ulichodhani kabla vina uzito sawa, na kuanzia siku hiyo ukiona jedwali linabishana na makadirio yako, anza kuliegemea jedwali.